Uzi: Kutoka PostgreSQL 12 kwenda 18, kanzidata ya SACCOS Moshi. Njia ipi tufuate?

MangiWaData

Wakuu, habari za majukumu. Nasimamia mfumo wa SACCOS moja hapa Moshi. Kanzidata ni PostgreSQL 12, mfumo endeshi ni CentOS 7, na seva ipo ofisini kwenye kachumba nyuma ya kaunta. Ukubwa unakaribia GB 60. Kinachoijaza ni jedwali la miamala na lile la ukaguzi, yaani nani kagusa nini na saa ngapi. Matawi ni manne: mjini, Kibosho, Marangu na Himo. Yote yanaingia kwenye seva hiyohiyo.

Mkaguzi wa nje kapita, kaandika kwenye ripoti yake kwamba tunatumia toleo lisilo na sapoti. Siwezi kumbishia. PostgreSQL 12 ilifungwa Novemba 2024, na CentOS 7 ilishatangulia tangu Juni 30, 2024. Bodi imekubali, seva mpya imefika, nimeshaiwekea Debian 12. Nataka niende 18 moja kwa moja.

Naomba kuelekezwa mambo haya. Ni lazima nipande ngazi moja moja, 13, 14, 15 mpaka nifike? Kati ya pg_upgrade (zana ya kupandisha toleo), dampu (kutoa data yote kwenye faili na kuirejesha upya) na replikesheni (seva mpya kufuata mabadiliko ya ile ya zamani) nichague ipi? Na hiyo 18 ina nini cha maana kwa ofisi kama yetu? Mwenyekiti ataniuliza tumepata nini, na siwezi kumjibu kwamba tumepata namba kubwa zaidi.

Tunafunga Jumamosi mchana mpaka Jumatatu asubuhi, kwa hiyo nafasi ipo. Kikwazo ni kwamba wanachama wanaweka akiba kwa simu muda wowote, hata saa nane usiku.

ChaliiWaSakina

Mangi wangu, kumtoa mwenyekiti hela ya seva ndiyo ilikuwa kazi ngumu, na umeshaimaliza. Zilizobaki ni amri tu.

Ngazi hupandi. pg_upgrade inachukua toleo lolote kuanzia 9.2 na kulifikisha 18 kwa mruko mmoja. Wanaolazimika kupanda ngazi ni jirani zetu wa MySQL: ukiwa 5.7 huendi 8.4 bila kupita 8.0.

Mimi nipo Arusha kwenye kampuni ya utalii, na njia yangu ni hii. Nakili folda nzima ya data kwenda seva mpya, weka 12 na 18 zote mbili, halafu piga pg_upgrade --link. Haikopi data. Faili lilelile linapewa jina la pili kwenye toleo jipya, kinachoandikwa upya ni katalogi tu, yaani orodha ya ndani ya majedwali na safu zake. GB 60 hiyo unaimaliza kabla chai haijapoa.

mzee_wa_kiboriloni

Kwani MySQL ina shida gani? Kila fundi wa Moshi anaijua. Hamia huko uachane na haya mahesabu.

ChaliiWaSakina

Mzee, shikamoo. Kwa heshima zote, huko ndiko kwenye mahesabu zaidi. Mwisho wa sapoti ya MySQL 8.0 ni Aprili 2026, kwa hiyo angefika na kuanza kupanga safari nyingine.

mzee_wa_kiboriloni

Marahaba. Basi MariaDB.

ChaliiWaSakina

Hahaha, mzee hakosi mlango.

Mama_Kweri

Habari zenu vijana. Chalii, ushauri wako wa --link ni mzuri kwa mtu anayebaki kwenye mfumo endeshi uleule. MangiWaData anatoka CentOS 7 kwenda Debian 12, na hapo ndipo penye hatari. Naona nyote mnaangalia 12 na 18, hakuna aliyeangalia kilicho chini yake.

PostgreSQL haipangi maneno kwa akili yake yenyewe. Kama kanzidata ilianzishwa kwa en_US.UTF-8, kama wengi wetu tulivyozikuta, inaiuliza maktaba ya glibc ya mfumo endeshi: kati ya maneno haya mawili lipi linatangulia? CentOS 7 ina glibc 2.17. Debian 12 ina 2.36. Katikati kuna toleo 2.28, lililobadilisha sana kanuni za upangaji. Indeksi ya maandishi iliyojengwa kwa kanuni za zamani, ukiisoma kwa kanuni mpya, ni sawa na daftari la wanachama lililopangwa kwa alfabeti, kisha mtu akabadilisha mfuatano wa alfabeti bila kupanga daftari upya. Unafungua ukurasa unaopaswa, jina halipo, unaandika kwamba mtu huyo si mwanachama.

Kila mmoja ajaribu mwenyewe kwenye seva zake mbili:

`( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort`

Kwenye CentOS 7 itaanza 11, ifuate 1-1. Kwenye Debian 12 itaanza 1-1. Mangi, namba zenu za uanachama zina kistari katikati?

MangiWaData

Shikamoo mama. Ndiyo, zinaanza na namba ya tawi, kistari, halafu namba ya mtu. Na hiyo safu ina indeksi ya kipekee. Nimejaribu hiyo amri sasa hivi, majibu yamekuja kama ulivyosema. Nimeishiwa nguvu.

Mama_Kweri

Marahaba mwanangu. Usiishiwe nguvu, bado hujahama.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba halipigi kelele. pg_upgrade itamaliza na kukupongeza. Mfumo utawaka, watu watafanya kazi. Baada ya wiki kadhaa unamkuta mwanachama mmoja amesajiliwa mara mbili kwa namba ileile, kwa sababu indeksi ya kipekee ilipotafuta namba yake haikuiona. Ukija kurekebisha wakati huo, tayari kuna mikopo imefungwa kwenye rekodi zote mbili.

Kunakili folda ya data kuna hatari hiyo. Seva ya akiba inayopokea mtiririko wa WAL (kumbukumbu ya kila badiliko) ina hatari hiyohiyo, kwa sababu nayo ni nakala ya baiti kwa baiti. Dampu haina, kwa sababu inatoa mistari mitupu na indeksi zinajengwa upya kule zinakokwenda. Replikesheni ya kimantiki, inayotuma mistari iliyobadilika na si kurasa za diski, nayo haina, kwa sababu hiyohiyo.

ChaliiWaSakina

Mama, nakubali. Ila si angeweza kupiga REINDEX, amri ya kujenga upya indeksi, akimaliza?

Mama_Kweri

Anaweza. Lakini ukishajenga upya indeksi zote za maandishi kwenye GB 60, ule muda uliookoa kwa --link umeshaurudisha, na bado utakuwa unajiuliza kama kuna uliyoisahau. Majedwali yaliyogawanywa kwa mipaka ya maandishi nayo yanaguswa, na hayo REINDEX haiyatibu.

Ziko sababu nyingine mbili za kuiacha --link hapa. Kwanza, ukishawasha toleo jipya, lile la zamani huligusi tena, maana wanatumia faili zilezile. Pili, toleo la 18 linapoanzisha kanzidata mpya linawasha cheksamu za data (namba za kuhakiki kila ukurasa wa diski) lenyewe, zamani ulikuwa unaomba. Pande mbili zisipofanana kwenye hilo, pg_upgrade inagoma, ndipo watu wanaanza kuanzisha 18 kwa --no-data-checksums ili ikubali. Mtu aliye kwenye mji ambao umeme unakatika bila hodi anazimaje kitu kinachomwambia kwamba ukurasa wa diski umeharibika?

Kwa ofisi inayofunga Jumamosi mchana, jibu langu ni dampu. Halina sifa, hakuna atakayekusimulia kwenye mkutano, lakini linakupa indeksi mpya, cheksamu mpya, majedwali yasiyo na takataka za mistari iliyofutwa, na seva ya zamani inabaki nzima kama mambo yakikataa.

fundi_java_Njiro

Nakazia dampu. Nyongeza za utekelezaji:

Tumia pg_dump ya toleo la 18, si ya 12. Iendeshe kutoka seva mpya, inaweza kuongea na seva za zamani kuanzia 9.2. Tumia muundo wa folda, -Fd, ili uweze kutoa kwa mikono mingi, mfano -j 4. Hata ukitumia mikono mingi, wote wanaona picha ya wakati mmoja, kwa hiyo hakuna muamala utakaoonekana nusu.

Watumiaji na nywila haviko ndani ya pg_dump. Hivyo unavichukua kwa `pg_dumpall --globals-only`, na unavirejesha kwanza.

Wakati wa kurejesha, kinachokula muda si kuingiza data. Ni kujenga indeksi na kuhakiki funguo za kigeni. Ongeza maintenance_work_mem na max_wal_size (mipangilio ya kumbukumbu na ya WAL) kwa muda huo tu, na pg_restore uipe -j kulingana na kori za seva yako.

Ukimaliza piga `vacuumdb --all --analyze-in-stages`. Usiisahau hii. Kanzidata iliyorejeshwa kwa dampu haijui chochote kuhusu data yake mpaka takwimu zikusanywe. Watu wanafungua mfumo Jumatatu, kila ripoti inakwama, wanalilaumu toleo jipya.

mwanafunzi_Tengeru

Naweka kiti hapa nisome. Swali: nimesoma kwamba toleo la 18 linahamisha hizo takwimu lenyewe. Sasa ANALYZE, yaani kuzikusanya upya, ya nini?

fundi_java_Njiro

Ni pg_upgrade ya 18 ndiyo inayozibeba, na ni jambo zuri sana kwa wenye kanzidata za terabaiti. Hata hapo zile takwimu za ziada ulizoziunda mwenyewe kwa CREATE STATISTICS haizibebi. Kwa dampu, wewe piga ANALYZE ulale.

kijana_wa_klaudi

Nyie wazee wa kachumba nyuma ya kaunta mnachekesha. Mwaka huu bado mnanunua chuma? AWS, klaudi ya Amazon, wapo Cape Town tangu 2020, weka kanzidata huko, bekapu wanakufanyia wao, matoleo wanapandisha wao. Bonyeza, kunywa kahawa ya Kilimanjaro.

MangiWaData

Nililipeleka kwenye bodi. Swali la kwanza lilikuwa: intaneti ya Marangu ikikatika, mwanachama aliyeshuka kutoka mlimani kuchukua ada ya mtoto anaambiwa nini?

kijana_wa_klaudi

Sasa hivi Marangu si inategemea intaneti kufika Moshi mjini? Tofauti iko wapi?

MangiWaData

Haina tofauti kwa Marangu, nakubali. Tofauti ipo kwa tawi la mjini. Ndilo lenye watu wengi, na seva ipo ndani ya jengo lao.

Mama_Kweri

Kijana wa klaudi ana hoja, msimcheke. Ofisi isiyo na mtu wa kuangalia bekapu ni bora ikae klaudi kuliko kukaa kwenye kachumba. Lakini mambo mawili ayaweke mezani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Haikatazi moja kwa moja, ila inabidi ufuate utaratibu wake, na taarifa za mikopo ya watu si kitu cha kupeleka Cape Town kwa kubonyeza. Mwanasheria wa SACCOS asome kwanza.

La pili, klaudi haikuondolei kuhama. Inakupangia tarehe. AWS wana malipo ya ziada kwa anayeng'ang'ania toleo la PostgreSQL lililokwisha muda, na bili hiyo inahesabiwa kwa kila kori kwa kila saa. Kila toleo kuu la PostgreSQL linatunzwa miaka mitano. Ukiwa kwenye kachumba au ukiwa Cape Town, miaka mitano ni ileile.

kijana_wa_klaudi

Mama umenipiga kwa ustaarabu. Nimekaa.

ndugu_Majengo

Na replikesheni ya kimantiki mbona mmeipita haraka? Hiyo ndiyo ingemaliza tatizo la akiba za usiku. Seva mpya inafuata ya zamani siku zote, siku ya kuhama unageuza tu anwani. Muda wa kusimama ni dakika.

fundi_java_Njiro

Ni kweli, na 12 inaiweza, maana ipo tangu toleo la 10. Ila hesabu gharama zake. Lazima wal_level iwe logical, maana yake uzime na kuwasha seva ya zamani kwanza. Mabadiliko ya muundo wa majedwali hayafuati, kwa hiyo kipindi chote hicho hakuna mtu kuongeza safu. Jedwali lisilo na ufunguo mkuu litapokea INSERT, lakini UPDATE na DELETE zitagoma kulekule kwenye chanzo mpaka ulipatie utambulisho wa kureplika (REPLICA IDENTITY). Na sikwensi, vile vihesabu vinavyotoa namba za mistari mipya, hazifuati kabisa. Ukisahau kuzisogeza kwa setval kabla ya kufungua, muamala wa kwanza wa Jumatatu unajaribu kuchukua namba 1.

ndugu_Majengo

Hilo la sikwensi limewatesa wengi.

fundi_java_Njiro

Tena kwenye kaunta, watu wamepanga foleni. Kwa mfumo unaofanya kazi saa 24 ningepita huko bila kusita. Kwa mfumo uliofungwa siku moja na nusu, unabeba mzigo usio wako.

Akiba za simu zina dawa rahisi. Programu inayopokea taarifa za malipo isiandike moja kwa moja kwenye kanzidata kuu. Iandike kwenye foleni yake pembeni, hata kanzidata ndogo ya SQLite kwenye mashine nyingine, kisha ijibu kwamba imepokea. Seva mpya ikifunguka, foleni inamwagwa. Sharti ni moja: namba ya kumbukumbu ya malipo iwe na kizuizi cha upekee kwenye jedwali la miamala, ili taarifa ikija mara mbili iingie mara moja.

MangiWaData

Kizuizi kipo. Foleni haipo, lakini programu hiyo ni yetu wenyewe, naweza kuiongeza. Sasa nisaidieni la mwenyekiti. Tunapata nini?

ChaliiWaSakina

Hapa niachieni mimi, maana nimeichezea 18 tangu ilipotoka Septemba 2025.

Kinachotangazwa zaidi ni usomaji wa diski usiosubiriana. Zamani mchakato uliomba ukurasa, ukasubiri, ukaomba mwingine. Sasa unaomba nyingi kwa pamoja na kuendelea na kazi. Chaguo-msingi ni wasaidizi wa pembeni, na kwenye Linux unaweza kuchagua io_uring. Waandishi wake wenyewe wanasema baadhi ya usomaji unafika hadi mara 3 ya kasi ya zamani. Lakini inasaidia kusoma jedwali zima, kusoma kupitia bitmapu na VACUUM (usafishaji wa mistari iliyofutwa), haigusi kuandika. Kama kanzidata yako yote inaenea kwenye kumbukumbu, hutaona kitu. Mangi ukiwa na GB 64 za kumbukumbu usimwahidi mwenyekiti mara tatu.

Kitakachokufaa wewe ni kuruka ndani ya indeksi. Nina uhakika una indeksi ya tawi kisha tarehe.

MangiWaData

Ninayo. Umejuaje?

ChaliiWaSakina

Kila mfumo wenye matawi unayo. Sasa meneja mkuu akiomba miamala ya jana ya matawi yote, kweri (ombi la data) haitaji tawi, inataja tarehe tu. Toleo la 12 litaisoma indeksi nzima au litaiacha kabisa na kusoma jedwali. La 18 linaruka: tawi la kwanza, tarehe ya jana, tawi la pili, tarehe ya jana, mpaka la nne, basi. Inafaa pale safu ya mbele ina thamani chache tofauti, na wewe una matawi manne. Kama umewahi kuongeza indeksi ya tarehe peke yake kwa ajili ya ripoti hizo, huenda utaweza kuiondoa na kupunguza mzigo wa kuandika.

Kwa upande wa ukaguzi kuna RETURNING inayotoa thamani ya zamani na mpya kwa pamoja. Unabadilisha salio, amri hiyohiyo inakurudishia old.salio na new.salio. Mfanyie mkaguzi zawadi.

Niliyoipenda mimi ni WITHOUT OVERLAPS. Kampuni yetu ina Land Cruiser zinazokodishwa kwa siku. Zamani tulikuwa na msitu wa masharti kwenye programu kuzuia gari moja kupewa makundi mawili, moja Tarangire na jingine Ngorongoro, siku zileile. Sasa ufunguo wenyewe wa jedwali unasema: gari hili, kipindi hiki, kisipishane na kingine. Kanzidata inakataa.

mwanafunzi_Tengeru

Na uuidv7, vile vitambulisho vya kipekee?

ChaliiWaSakina

Ipo ndani sasa, huhitaji ekstensheni. Inaanza na muda, kwa hiyo vitambulisho vipya vinaingia mwishoni mwa indeksi badala ya kutawanyika kila kona kama vile vya nasibu. Ukianza mradi mpya itumie. Mfumo wa zamani wenye namba za kawaida usiuguse kwa sababu yake.

Mama_Kweri

Mmesahau lililoingia kwenye 17, na ndilo ningemwambia mwenyekiti wa kwanza. Bekapu za nyongeza. Unawasha summarize_wal, unachukua bekapu kamili mara moja, tuseme Jumapili, halafu kila usiku pg_basebackup inachukua kurasa zilizobadilika tu ukiipa orodha ya bekapu iliyotangulia. Siku ya kurejesha, pg_combinebackup inaziunganisha kuwa moja kamili. Kwa ofisi ya Moshi inayotaka nakala nyingine ikae Arusha, tofauti ya kusukuma GB 60 kila usiku na kusukuma kilichobadilika ni tofauti ya kuwa na bekapu ya nje na kutokuwa nayo.

Mangi, bekapu yenu ya sasa inafanywaje?

MangiWaData

Kuna skripti aliiacha mtu aliyenitangulia. Inaita pg_start_backup, inakopi folda, inaita pg_stop_backup.

Mama_Kweri

Hiyo haitafanya kazi. Kuanzia 15 majina yamebadilika kuwa pg_backup_start na pg_backup_stop, na ile namna ya zamani iliyoruhusu bekapu moja tu kwa wakati mmoja imeondolewa. Usiitafsiri skripti, itupe. Anza na pg_basebackup.

fundi_java_Njiro

Jambo jingine litakalomkuta, sijaona aliyeligusa: nywila. Kuanzia 14 nywila mpya zinahifadhiwa kwa scram-sha-256, namna mpya ya kuzificha badala ya md5. Zile utakazohamisha kwa pg_dumpall zitabaki md5 kama zilivyo. Kwenye Debian, pg_hba.conf (faili linaloamua nani aingie na kwa njia ipi) inakuja imeandikwa scram-sha-256, na mtumiaji mwenye nywila ya md5 haingii hapo hata akiandika nywila sahihi. Ukiandika md5 kwenye pg_hba.conf, wote wawili wanaingia. Kwa hiyo anza na md5, wape watu nywila upya mmoja mmoja, halafu funga kwa scram.

Ila kabla ya kuwapa upya, angalia drayva ya programu, yaani kiunganishi chake na kanzidata. Kama ni Java na drayva ni ya kabla ya 42.2.0, haijui scram. Utakutana na ujumbe kwamba aina ya uthibitisho namba 10 haitambuliwi. Na usiseme utabaki md5 milele, 18 imeshatangaza kwamba inaelekea kuiondoa.

MangiWaData

Nimeangalia. Drayva ni ya 9.4. Programu ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu.

fundi_java_Njiro

Badilisha sasa hivi, kabla hata ya kuhama. Drayva mpya inaongea na 12 bila shida. Ukibadilisha drayva na kanzidata siku moja, kitu kikikataa hutajua nani mkosaji.

mzee_wa_kiboriloni

Mimi nina swali la kweli sasa, si utani. Duka langu la vifaa lina mfumo wa MySQL 5.7. Kama ningetaka kuja huku kwenu ningekujaje?

ndugu_Majengo

Mzee karibu. Kuna zana inaitwa pgloader, inasoma MySQL na kuandika PostgreSQL, inabadilisha aina za safu yenyewe, mfano tinyint(1) kuwa kweli-au-si-kweli. Tarehe za 0000-00-00 ambazo MySQL za zamani zilizikubali, inazigeuza kuwa tupu, maana PostgreSQL haizikubali.

Data si shida. Shida ni programu. MySQL kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo ukitafuta, PostgreSQL inatofautisha. Mteja aliyeandikwa Mushi hutampata ukitafuta mushi. Na kila kweri yenye zile alama za ` (backtick) kwenye majina ya majedwali itabidi isafishwe. Kama mfumo umenunua na huna msimbo wake, baki MySQL, pita 8.0 ufike 8.4. Hiyo ni ya sapoti ndefu, ilitoka Aprili 2024. Ukifika, ujue mysql_native_password imezimwa kwa chaguo-msingi, kwa hiyo nanyi huko mna hadithi yenu ya nywila.

mzee_wa_kiboriloni

Nimenunua, msimbo anao aliyeniuzia na simu hapokei. Nabaki.

MangiWaData

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Drayva ilitangulia, ikakaa na 12 kwa kipindi bila malalamiko. Foleni ya malipo ya simu nayo niliiweka mapema. Kisha nikafanya mazoezi ya dampu kwenye seva mpya wakati ya zamani inaendelea na kazi. Mazoezini ndipo nilipoona kwamba ripoti moja ya wakopaji ilikuwa inategemea mpangilio wa namba wenye kistari. Kwenye Debian mfuatano ulibadilika na jumla za kila kundi zikahamia ukurasa mwingine. Hesabu zilikuwa sahihi, ila mhasibu angepiga kelele. Nikaandika ORDER BY kwa namba ya tawi na namba ya mtu kama namba, si kama maandishi.

Siku yenyewe tulifunga kaunta, nikazima programu, dampu likatoka, likarejeshwa, ANALYZE ikapita, na jua la Jumamosi lilikuwa bado halijazama. Kanzidata imepungua ukubwa kwa kiasi ambacho sikutarajia, kumbe lile jedwali la ukaguzi lilikuwa na indeksi zilizovimba.

Uhakiki nilifanya hivi: idadi ya mistari kwa kila jedwali pande zote mbili, halafu jumla ya salio la akiba na la mikopo kwa kila tawi. Mhasibu alikaa pembeni yangu akalinganisha kwa karatasi yake mwenyewe. Zilipofanana ndipo nikamwaga foleni ya simu.

Ripoti ya meneja ya matawi yote inafunguka haraka kuliko zamani. Nimeangalia mpango wa kweri, indeksi ya tawi na tarehe ndiyo inayotumika. Sijaiondoa ile ya tarehe bado.

Mama_Kweri

Safi sana mwanangu. Iache mpaka mwisho wa mwezi mmoja upite na ripoti zote zitoke. Halafu angalia pg_stat_user_indexes kama bado kuna anayeitumia.

MangiWaData

Nimekuelewa mama. Na seva ya zamani nifanyeje? Mwenyekiti anataka tuipeleke tawi la Himo iwe kompyuta ya kaunta.

Mama_Kweri

Kwanza ichomoe kwenye mtandao, isije programu fulani ya zamani ikaendelea kuiandikia huku nyie mnaangalia mpya. Weka dampu la mwisho mahali pawili. Wakaguzi wakishapitisha hesabu za mwaka, futa diski zake kabisa kabla haijakwenda Himo, si kufuta faili tu. Ndani yake kuna mikopo ya watu.

ChaliiWaSakina

Na CentOS 7 uitoe. Kaunta ya Himo isianze safari kwa mfumo uliokufa.

mwanafunzi_Tengeru

Chalii, nimejaribu ule ufunguo wako wa magari nyumbani, unanikatalia. Unasema hakuna namna ya kuindeksi namba ya gari kwa gist (aina ya indeksi).

ChaliiWaSakina

Piga `CREATE EXTENSION btree_gist;` kwanza ndani ya kanzidata hiyo, halafu unda jedwali. Safu ya kipindi iwe aina ya daterange na iandikwe mwisho kwenye ufunguo.

mwanafunzi_Tengeru

Imekubali. Asante kaka.